Prosesa ya kuiga maikrofoni: natumia vibaya au uwezo wake umeishia hapa?

Kinubi_Kipya

Wakuu, naombeni msaada kabla sijakata tamaa.

Nina prosesa ya kidijitali ya kuiga maikrofoni, ile inayokaa kati ya priampu (kikuza sauti ya maiki) na intafesi (kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta). Unaiambia maiki uliyonayo, kisha unachagua maiki unayotaka isikike. Maiki yangu ni moja tu, Shure SM58, ile ya jukwaani. Narekodi albamu ya kwanza ya mdogo wangu wa kike, nyimbo 8, sauti yake na gitaa basi. Kondensa kubwa, ile maiki nyeti ya studio, sina uwezo nayo. Nilipoona humo ndani kuna Neumann U 47, U 87 na AKG C12, kondensa maarufu za studio, nikajua tumepata.

Nyimbo tatu tayari, zote kwa U 47. Siku ya kwanza tulifurahi sana. Jana nimezisikiliza kwa hedifoni, nikaishiwa nguvu. Sauti za juu zinakwaruza, kila "s" inachoma sikio, na akinyamaza kati ya mstari na mstari nasikia "shhhh" ya wazi kabisa. Chumba nacho kinasikika utadhani ndicho kinachoimba. Mdogo wangu ana sauti nzito, tulivu, ya mtu anayekusimulia jambo usiku. Huo uzito umepotea.

Yeye anasema tuache mbwembwe, tuimbe na SM58 hivyo hivyo. Sitaki kumharibia kazi. Nakosea wapi?

Fundi_wa_Usiku

Uza hicho kifaa mkuu, ongezea kidogo uchukue kondensa hata ya kawaida. Hizo ni ikwalaiza tu, za kupandisha na kushusha besi na sauti za juu, zilizopewa majina makubwa. SM58 itabaki SM58.

Bi_Masafa

Kaka Kinubi, usiuze kwanza. Nijibu haya: kwenye sehemu ya maiki ya chanzo umechagua nini? Mdogo wako anasimama umbali gani, na je, umbali huo umeuingiza? Halafu, kinachoingia kwenye kompyuta ni sauti ghafi au tayari imeshapita kwenye prosesa?

Kinubi_Kipya

Dada, nimeenda kuangalia sasa hivi. Chanzo kimeandikwa kondensa ya kawaida, nilikikuta hivyo sikukigusa. Anasimama kama sentimita 40, maana akisogea "p" zinalipuka. Umbali wa chanzo nao nimeukuta sentimita 3. Na ndiyo, naingiza ikiwa imeshapita kwenye prosesa.

Bi_Masafa

Basi tumempata mchawi, na ni wawili.

Wa kwanza ni chanzo. Prosesa hii haiumbi U 47 kutoka hewani. Inachofanya ni kufuta kwanza tabia za maiki uliyoitajia, halafu inapaka tabia za ile uliyoomba. SM58 imetengenezwa ikiwa na mwinuko wa makusudi wa sauti za juu, kuanzia kama kHz 4 (mitetemo 4,000 kwa sekunde) kwenda juu, ili maneno yasikike jukwaani. Wewe umesema unatumia kondensa, kwa hiyo mwinuko wa SM58 haukufutwa. Juu yake ukapakwa mwinuko wa U 47. Milima miwili imepandana mahali pale pale "s" inapokaa. Lazima ichome.

Wa pili ni umbali, na huyu ndiye aliyeiba uzito wa sauti. Maiki yenye uelekeo, yaani inayosikia zaidi upande mmoja, ukiisogelea inajaza besi, kadiri unavyokaribia ndivyo inavyozidi. Prosesa ikiambiwa mwimbaji yuko sentimita 3, inaamini kuna besi nyingi ya ziada na inaikata. Lakini yeye yuko 40, besi hiyo haikuwepo. Kwa hiyo umekata nyama badala ya mafuta.

Fanya hivi. Chanzo weka SM58. Mlete mwimbaji shubiri moja kutoka kwenye maiki, weka popu filta (kichujio cha pumzi za "p") katikati, na maiki uigeuze pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi ipite kando. Pima kwa rula umbali halisi, uingize namba hiyo hiyo. Umbali wa maiki unayoiga uache sawa na wa chanzo kwanza, utaupunguza baadaye kama unataka joto zaidi.

Mkono_Mwepesi

Na ile "shhhh" je? Mimi pia inanisumbua, na chanzo changu nimekiweka sawasawa.

Mzee_wa_Mirija

Vijana, hapo kwenye "shhhh" niingie.

SM58 inatoa umeme mdogo. Mwimbaji akiwa sentimita 40 unalazimika kufungua priampu sana, na priampu ikifunguliwa ina mvumo wake. Isitoshe, maiki hiyo kwa vipimo vya mtengenezaji inafika 15,000 Hz, na ukikaribia huko inaporomoka. Kondensa kubwa inaendelea. Prosesa ikitaka kufanana na kondensa itainua kule juu, labda desibeli 8, labda 10. Kule juu SM58 haikuchukua kitu cha maana, kwa hiyo kinachoinuliwa ni mvumo, desibeli kwa desibeli. Kusogea shubiri moja kutasaidia, kwa sababu utafunga priampu. Ukibaki nao, chagua maiki ya kuiga isiyo na juu kali.

Sasa yale ambayo kifaa hakiwezi, wanangu, myajue mapema. Maiki haisikii mbele peke yake. Sauti inayotoka ukutani inaingia kwa ubavu, na kila maiki ina rangi yake ya ubavuni. Zikishaingia, mbele na ubavu zimekuwa waya mmoja. Hakuna prosesa inayoweza kuzitenganisha tena, kwa hiyo chumba kibaya kitabaki kibaya hata ukichagua C12. Ndiyo maana waliotengeneza Townsend Labs Sphere L22 waliipa kapsuli (sehemu inayonasa sauti) mbili na njia mbili za kurekodi, mbele na nyuma kila moja na yake, ili programu iwe na cha kufanyia kazi. Maiki yako inatoa njia moja. Basi tundika blanketi nzito nyuma ya mwimbaji, maana maiki inatazama huko. Blanketi hilo litafanya kazi kubwa kuliko menyu yote.

Jambo jingine la SM58: utando wake unaotikiswa na sauti umebeba koili (waya uliosokotwa), ni mzito kuliko utando wa kondensa. Mguso mkali wa kucha kwenye waya wa gitaa inauchukua kwa kuchelewa na kwa ulaini. Ikwalaiza hairudishi mguso ambao haukuchukuliwa. Kwa sauti ya mdogo wako haina shida. Kwa gitaa utaona tofauti.

Fundi_wa_Usiku

Hapo kwenye chanzo na umbali nimekubali, sikuwahi kufikiria hivyo. Ila kwa gitaa bado nasimama nilipo.

Bi_Masafa

Nakazia kurekodi ghafi. Biti 24, vilele visipite kama desibeli -10. Prosesa ipitishe baadaye wakati wa kumiksi, hapo unabadili maiki kadiri upendavyo bila kumwita mwimbaji tena. Ila kumbuka inachelewesha sauti kwa milisekunde chache, na milisekunde 1 ni sawa na kusogeza maiki sentimita 34. Kama mnarekodi sauti na gitaa kwa pamoja, wimbi ulilolipitisha kwenye prosesa lirudishe mahali pake kwanza, la sivyo gitaa litasikika limetoboka.

Kinubi_Kipya

Wakuu, nimerudi. Usiku huu tumerudia ubeti mmoja tu: shubiri moja, blanketi nyuma, ghafi, chanzo SM58, sentimita 20 kwa chanzo na kwa maiki ya kuiga. Priampu nimeifunga karibu nusu. Ile "shhhh" sasa naitafuta kwa hedifoni.

Nikamsikilizisha mdogo wangu mara tatu bila kumwambia ipi ni ipi: ghafi, U 47, U 87. Alifumba macho. U 87 aliikataa neno la kwanza tu, "inanizomea". U 47 aliomba irudiwe, akasema hapa ndipo nasikia kifua changu. Kwa wimbo wa haraka akachagua ghafi.

Swali la mwisho: zile tatu za zamani zinaokoleka?

Mzee_wa_Mirija

Magitaa yaache kama yamekaa vizuri. Sauti mrudishe aimbe upya, na umwanzishe na ule wimbo anaoupenda zaidi kabla koo halijachoka.