Mrejesho: Kizunguzungu cha mama kilitoka sikioni

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza kuhusu mama yangu, mwenye miaka 61, ambaye kila alipojigeuza kitandani aliona nyumba nzima ikizunguka. Hapa Bukavu alikuwa ametibiwa malaria mara mbili, ingawa hakuwahi kuwa na homa.

Daktari wa masikio alimketisha, akamgeuza kichwa kulia kwa nyuzi 45, kisha akamlaza haraka huku kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo wa kitanda. Baada ya sekunde chache macho yake yalianza kuchezacheza, na kizunguzungu kikatulia kabla ya dakika moja kuisha. Kipimo hicho huitwa Dix-Hallpike, wala hakihitaji mashine yoyote. Alitueleza kwamba chembe ndogo za kalsiamu kaboneti zilizomo katika sikio la ndani zilikuwa zimebanduka na kuingia katika mmoja wa mifereji mitatu ya nusu duara, hivyo kichwa kikisogea ubongo hupokea habari za mzunguko usiokuwepo.

Papo hapo alimfanyia tiba ya Epley, yaani kugeuza kichwa na mwili hatua kwa hatua, kila mkao ukichukua kama nusu dakika, ili chembe zirudi zilikotoka. Mama alitapika, nami sikuwa nimebeba hata ndoo. Tiba ilirudiwa wiki iliyofuata, na sasa anashuka miteremko ya Kadutu peke yake.

Kwa aliyenijibu wakati ule akihofia kwamba ni kiharusi: daktari alikagua kwanza usemi, uso, nguvu za mikono na mwendo. Vidonge vya kizunguzungu amevisimamisha, kwa kuwa havirudishi chembe mahali pake, ila ametuonya kwamba hali hii yaweza kujirudia.