Tupeane uzoefu: vinyama vya sehemu za siri vilikugharimu nini?

Binti wa Kayole
Jana jioni nilikuwa kwa kemisti pale stejini nikinunulia mtoto dawa ya kikohozi. Mbele yangu kulikuwa na msichana ambaye sidhani amefika miaka ishirini na miwili. Muuzaji alimwuliza mara mbili anataka nini, akanyamaza. Mwishowe aliandika nyuma ya risiti ya supamaketi, akaisukuma chini ya kioo. Muuzaji akaisoma kwa sauti. Msichana alitoka bila dawa, risiti akaiacha pale pale.

Sijalala. Mwaka 2021 nilikuwa yeye. Vilianza viwili, kama vichwa vya kiberiti, nikadhani ni vipele vya wembe. Nimechomwa vinyama mara nne, kila mara 6,000, na saluni nilikuwa napata 14,000 kwa mwezi. Vinaisha wiki chache, vinarudi. Chama nilikiambia pesa ni za jino la mtoto.

Waliopitia, semeni. Hapa hatujuani sura.

Mama Pacha
Umenigusa. Mimi vilinipata nikiwa na mimba ya miezi sita. Mimba huvichochea, vikakua hadi vikashikana. Nilikuwa naoga nikiangalia ukuta. Ile dawa ya maji ya kahawia niliyokuwa nayo nyumbani, sista alisema mjamzito haruhusiwi kabisa.

Siku ya kliniki daktari alivuta pazia nusu, akaita wanafunzi. Walikuwa sita, na mmoja wao alikuwa kijana tuliyesali naye kanisa moja. Aliniangalia usoni, halafu akaangalia sakafu mpaka mwisho. Daktari anaeleza, anaonyesha kwa kalamu, mimi nimeshika kanga kwa meno. Hakuna aliyeniuliza kama nimekubali. Jumapili hiyo sikwenda. Leo tunasali kwingine na mume wangu anaamini niligombana na kwaya.

Nilijiambia lazima nizae kwa kupasuliwa la sivyo watoto watavipata. Nikauza friji na runinga kutafuta pesa. Daktari mwingine, mama mtu mzima, alinikagua akasema vinyama peke yake si sababu ya kupasuliwa, labda viwe vimeziba njia. Nikazaa kawaida, pacha wazima. Baada ya miezi vikanywea vyenyewe. Friji haikurudi.

Wa Githurai
Hilo pazia nusu nalijua.

Kaka Rongai
Poleni wadada. Lakini tuambiane ukweli, mke aliyetulia vinamtokea wapi?

Binti wa Kayole
Vinamtokea kwa mtu anayelala naye, kaka. Anza hapo.

Kaka Rongai
Nimeuliza tu, mnanirukia.

Nesi Mstaafu
Swali lako limevunja nyumba nyingi, kwa hiyo nitalijibu. Hivi vinyama huletwa na virusi vya HPV, hasa aina ya 6 na 11. Vinaweza kutokea wiki chache baada ya kuambukizwa, au miezi, au hata miaka. Huwezi kuangalia kinyama ukasema ni cha fulani au cha mwezi fulani. Kondomu hupunguza hatari lakini haifuniki ngozi yote. Na mwanamume anaweza kubeba virusi bila kuona hata kinyama kimoja.

Shosh wa Dagoretti
Siki ya tufaha na pamba, usiku saba. Mbona hata hospitali wanatupaka siki?

Nesi Mstaafu
Shosh, ile siki ya kliniki hupakwa kwenye mlango wa kizazi ili tuone kama kuna mabadiliko ya saratani. Haitibu. Ukijifunga pamba ya siki usiku kucha utaungua.

Shosh wa Dagoretti
Mjukuu wangu alipona.

Wa Githurai
Mimi nilijaribu kitunguu saumu. Wiki mbili nilitembea kama nimeshuka kwa punda.

Sina Jina
Niliapa sitasema. Shemeji yangu alikuta krimu yangu ndani ya kopo la majani chai, nilikoificha. Hakuniuliza. Alipeleka kwa mume wangu, mume akapigia wazazi wake, na Jumamosi wazee wakaja nyumbani mtaa wa Umoja, saba, wakakaa kwa kochi nililonunua mimi. Krimu iliwekwa mezani karibu na soda. Nikaambiwa nitaje mwanamume.

Nililia mpaka sauti ikaisha. Nikarudishwa kwetu na watoto. Baada ya wiki tatu nilihitaji cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa kwanza, mume akanitumia faili lote kwa mtu wa boda. Kati ya vyeti kulikuwa na risiti ya kliniki ya ngozi, jina lake, kuchomwa vinyama, ya miezi minane kabla ya harusi yetu.

Mama Pacha
Woi!

Wa Githurai
Uliwapelekea wazee? Ulirudi?

Kaka Rongai
Hapo nimenyamaza.

Sina Jina
Niliipiga picha nikamtumia babake pekee. Alipiga simu akasema "mwanangu, tusamehe", na mzee huyo hajawahi kuniita mwanangu. Nilirudi. Mengine bado siwezi kuandika.

Mama wa Darasa la Tano
Poleni, lakini chanjo ya hivyo virusi vya HPV inapatikana wapi? Binti yangu ana miaka kumi.

Nesi Mstaafu
Mpeleke. Hapa Kenya, tangu 2019 hutolewa bure vituo vya umma kwa wasichana kuanzia miaka 10. Uliza ni chanjo gani: ile ya aina nne hukinga 6 na 11 pamoja na 16 na 18 za saratani, nyingine hulenga za saratani peke yake. Ila haitibu vilivyokwisha kutoka. Nanyi mliotimiza 25, mkapimwe mlango wa kizazi hata kama vinyama vimeisha.

Mgeni
Ndiyo nimejiunga leo. Niliandikiwa krimu ya kupaka usiku mara tatu kwa wiki, boksi lote sina uwezo. Kuna anayeuza nusu?

Binti wa Kayole
Dada, ile iko kwa vipakiti. Mimi nilimwomba kemisti wa mtaa wa pili aniuzie kimoja kimoja, kama mafuta ya kupimiwa. Asubuhi unaosha. Usiseme kitu pale dirishani, ingia ndani umwombe pembeni. Ukiwa upande wa Kayole niandikie faraghani, nitakupeleka kwa yule asiyesoma kwa sauti.