Yule jamaa wa kompyuta kanianika mbele ya bosi, leo silali

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, naandika mikono inatetemeka. Mnamjua. Kila ofisi anaye. Printa ikigoma anakuja baada ya siku tatu, anachomoa waya, anachomeka, anaondoka kifua mbele kama kafufua maiti.

Jumatatu ikaingia imeili: "Orodha ya nyongeza ya mshahara, thibitisha jina lako kabla ya saa kumi." Nani angeacha? Nina ada za watoto wawili, na mwenye nyumba siku hizi ananisalimia kwa kukohoa tu. Nikabonyeza, nikaweka jina, nikaweka paswedi. Ukurasa ukazunguka, ukaganda. Nikalaumu mtandao, nikaenda zangu kunywa chai.

Kumbe mtego wake! Leo kawasha projekta mbele ya wafanyakazi wote, eti somo la usalama, eti mwizi wa sasa habebi nondo, anabeba imeili. Slaidi ya pili: jina langu. Chini yake paswedi yangu, herufi kubwa kama bango la mgombea: Simba1Yanga5.

Bosi ni Simba. Simba wa kadi. Tangu Yanga waifunge Simba tano kwa moja Novemba 5, 2023, neno "tano" halitamkwi ofisini kwetu, tukihesabu tunaruka kutoka nne kwenda sita.

Akaisoma. Kwa sauti. Taratibu. "Simba... moja..." Halafu akavua miwani.

Jamaa anaendelea tu kufundisha: kwenye anwani ya mtumaji "r" na "n" zilibanana zikasomeka "m". Mtu kaona nyongeza ya mshahara, atashika darubini akague herufi? Miwani, wakuu. Kaivua akaiweka mezani.

kibuyu_tupu: Kwa hiyo mshahara umepanda au haujapanda?

Fundi Redio: Umekosea mkuu, ila yeye kakosea zaidi. Zoezi kama hilo linahesabu waliobonyeza basi, halihifadhi paswedi za watu, sembuse kuzibandika ukutani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, mkumbushe. Kabadilishe hiyo paswedi sasa hivi, na popote pengine ulipoitumia. Washa na uthibitishaji wa hatua mbili, ili hata mtu akiipata akwame mlangoni.

Mtoa mada: Nimeitumia kila mahali.

kibuyu_tupu: 😂😂 Hata ya benki ni tano moja?

Binti Mnyalu: Mtoa mada acha kulia. Ukiona unaharakishwa "kabla ya saa kumi", ujue unaibiwa. Kwetu mhasibu kapata imeili ya muuzaji wetu wa miaka yote, eti kahamisha akaunti ya benki. Akalipa bila hata kumpigia kwa namba yake ya zamani. Hela hazijarudi, chai ya ofisi imefutwa, na mimi sikubonyeza chochote!

Mama Wawili: Afadhali chai. Shangazi yangu kapigiwa na mtu wa "kikundi cha kanisa", eti nisomee tarakimu sita zilizoingia kwako kwa bahati mbaya. Akasoma, na miwani kavaa kabisa. WhatsApp ikaondoka. Ukoo mzima ukaombwa laki mbili za mgonjwa, na baba mdogo ambaye hajawahi kuchangia hata harusi, siku hiyo ndiyo katuma. Sasa anamdai shangazi.

kibuyu_tupu: Baba mdogo afunguliwe uzi wake.

Mzee wa Kona: Mimi zile za "hela tuma kwenye namba hii" nazipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli, kila siku, nilidhani mjanja. Juzi napiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu, nakuta moja siijui. Nikakumbuka yule wakala wa chini ya mwavuli: "Mzee weka kidole tena, haijasoma."

Fundi Redio: Ilisoma, mzee. Kaifungeni hiyo laini kesho, ikitapeliwa mtu kwayo jina ni lako.

Mnyama Damu: Na hizo tano mtazibeba mpaka lini? Paswedi nzima imejaa chuki.

Mwana Jangwani: Mpaka mzirudishe.

Mnyama Damu: Timu ya kuishi kwa kumbukumbu.

Mtoa mada: Wakuu tusitoke kwenye mada. Nimeitwa utumishi kesho saa mbili asubuhi.

Mwana Jangwani: Vaa jezi.