Tupeane uzoefu: ruzuku ya elimu bila ada na ubora wa shule za serikali na binafsi

Mjumbe wa Kamati
Wakuu, kila NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) wakitoa matokeo, ubishi ni uleule: binafsi wanafaulisha, serikali wanafelisha. Naomba tuweke hapa vitu vinavyohesabika. Fedha inafikaje shuleni, inatosha nini, na mzazi akague wapi?

Mhasibu
Elimu bila ada ilianza Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015. Ruzuku ya uendeshaji ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na Sh 25,000 kwa sekondari. Msingi, 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 huingia akaunti ya shule. Sekondari hugawanywa nusu kwa nusu. Sekondari za kutwa hupata pia fidia ya ada, Sh 20,000 kwa mwanafunzi.

Sasa piga hesabu. Shule ya msingi yenye watoto 600 inapata 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Hapo ndipo pa chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, vifaa vya usafi na michezo. Yenye watoto 150 inapata 75,000 kwa mwezi. Mlinzi, umeme na maji havipungui kwa sababu watoto ni wachache, kwa hiyo kanuni ya kichwa kimoja kimoja inazikaba shule ndogo za vijijini kuliko zote. Kiwango chenyewe kilipangwa enzi za MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), miaka ya 2002 hadi 2006, na bei za vitu tangu hapo mnazijua.

Mwalimu Mstaafu
Nyongeza kwa Mhasibu: msilinganishe hiyo 10,000 na ada ya shule binafsi. Mshahara wa mwalimu wa serikali hautoki kwenye ruzuku, unalipwa na Hazina. Mwenye shule binafsi hapati ruzuku hiyo. Mishahara, majengo, mkopo wa benki na basi vyote vimo ndani ya ada. Ukitaka mlinganisho wa haki, jumlisha mishahara ya mwaka ya walimu wa shule ya serikali, ongeza ruzuku, gawanya kwa idadi ya wanafunzi. Pengo litabaki, ila litakuwa dogo kuliko mlivyodhani.

Linaloumiza zaidi ni uwiano. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Elimu bila ada ilileta watoto wengi darasa la kwanza kwa mkupuo, walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Darasa la watoto 120 hata mwalimu hodari hawezi kusahihisha madaftari yote, na mtoto asiyejua kusoma anafika la nne bila kugundulika. Hilo halitatuliwi na ruzuku hata ikiongezwa mara mbili.

Mama wa Watatu
Ndugu zangu mnaotafuta shule, usitazame wastani peke yake. Fungua matokeo ya darasa la nne ya shule hiyo, kisha ya darasa la saba miaka mitatu baadaye, ulinganishe idadi ya watahiniwa. Sekondari, linganisha kidato cha pili na cha nne miaka miwili mbele. Walikuwa 90, wamebaki 55? Uliza waliobaki nje walikwenda wapi. Wengine huhama kwa ada kuwashinda, lakini pengo likijirudia kila mwaka, hapo pana mchujo, na ufaulu unatokana na kuchagua watoto. Pungufu ya wachache ni kawaida.

Mhasibu
Kwa wajumbe wa kamati ya shule, mambo ya kukagua: idadi ya wanafunzi iliyotumika kutoa fedha dhidi ya daftari la mahudhurio, taarifa ya benki dhidi ya kiasi kilichobandikwa kwenye ubao wa matangazo, kila malipo yawe na muhtasari wa kikao, ankara na risiti. Wanaohamia wasipoingizwa kwenye takwimu mapema, shule inawalea kwa fedha ya wenzao.

Na posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, Sh 200,000 kwa mwezi, ni fungu lake mwenyewe. Msiichanganye na ruzuku mnapohoji matumizi. Vikao vingi vinaharibika hapo.