Pampu za mafuriko Mtwara mjini: kuziendesha kwa SMS, kwa data ya 4G au kwa redio?

Mkondo_Mikindani
Wakuu, naomba ulinganisho. Chukulieni vituo 3 kwenye mabonde ya mjini, kila kimoja kina pampu 2 za kuzamishwa: lita 100 kwa sekunde, maji yanapandishwa mita 4, mota ya 7.5 kW. Opereta ni mmoja kwa vituo vyote. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, na mvua kubwa ikikutana na bamvua, bahari inafunga midomo ya mifereji, kwa hiyo pampu zikikosea hakuna njia nyingine ya maji. Mngechagua njia ipi ya kuwasha, kuzima na kuona hali ukiwa mbali?

Fundi Paneli
SMS ndiyo rahisi kuliko zote. Kifaa cha rilei (swichi ndogo ya umeme) chenye laini ya simu kinakaa ndani ya paneli, rilei yake inashika koili ya kontakta, ile swichi kubwa inayowasha mota, basi. Kinafanya kazi hata pale ambapo data ni dhaifu. Badilisha nywila ya kiwandani siku hiyohiyo, ruhusu namba chache tu, na laini isajiliwe kwa jina la taasisi. Laini ya mtu binafsi ikiisha salio au ikifungwa kwa kutotumika, kituo kinakuwa bubu na hakuna anayejua.

Udhaifu wake mkubwa ni kuchelewa. Mtandao ukielemewa, na siku ya mafuriko kila mtu anapiga simu, amri ya WASHA inaweza kufika baada ya ZIMA uliyotuma nyuma yake. Kwa kengele za tahadhari naikubali. Kwa amri, hapana.

Dada Umeme Ligula
Nakubaliana na Fundi, ila kabla ya kuchagua mtandao tukubaliane jambo moja: uamuzi wa kuwasha pampu ubaki kituoni. Ukiwa mbali unasimamia, unabadilisha viwango, unalazimisha pampu ikibidi. Mnara wa simu nao unategemea umeme, na betri zake zina kikomo. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, mawasiliano yanakufa wakati uleule unaoyahitaji.

Kituoni weka PLC ndogo (kompyuta ya kuendesha mitambo) na sensa ya kina cha maji ya 4–20 mA, yaani inayotuma kipimo kwa mkondo mdogo wa umeme. Mfano wa viwango kutoka sakafu ya kisima: zima mita 0.4, pampu ya kwanza mita 1.0, ya pili 1.4, kengele 1.7. Juu yake, mita 1.9, weka floti, swichi inayoelea juu ya maji, iliyofungwa waya moja kwa moja kwenye kontakta bila kupitia PLC. PLC ikiganda, floti inaokoa mtaa.

Kisima nacho kitoshe. Pampu ya lita 100 kwa sekunde isiyozidi kuwashwa mara 10 kwa saa ina mzunguko wa sekunde 360. Zidisha kwa mita za ujazo 0.1, gawanya kwa 4 kama ilivyo kanuni ya visima vya pampu, unapata mita za ujazo 9. Kwa nafasi ya mita 0.6 kati ya kuzima na kuwasha, sakafu iwe mita 3 kwa 5. Kikiwa kidogo zaidi, mota zitaungua hata mtandao uwe mzuri namna gani.

Bahari_Shangani
Mimi nachagua 4G kwa mtindo wa MQTT, ambapo vifaa vinapeana ujumbe mfupi kupitia kompyuta kuu, yaani seva. Laini za kawaida za data hazina anwani ya wazi, huwezi kuifikia PLC kutoka nje, kwa hiyo PLC yenyewe ndiyo ianze kuunganika na seva. Ikinyamaza kupita muda uliowekwa, tuseme dakika 2, seva inatangaza kwamba kituo kimepotea. SMS haikupi hilo: ukimya wake unaweza kuwa heri au balaa.

Kila amri ibebe saa ya kutumwa, na PLC ikatae iliyozidi sekunde 30. Modemu iwe na laini 2 za mitandao tofauti, betri yake ya volti 24, na rilei ya kuizima na kuiwasha upya ikiganda.

Mkondo_Mikindani
Na redio za LoRa, zile za kutuma ujumbe mdogo mbali kwa nguvu kidogo? Hazina bili ya mwezi.

Bahari_Shangani
Zinafaa kati ya vituo vya karibu antena zikionana, kwa mfano kutoka kwenye mnara wa tangi la maji. Ujumbe ni mdogo, kasi ni ndogo, lakini kina na hali ya pampu vinapita vizuri. Waulize TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kuhusu masafa ya redio yanayoruhusiwa kabla ya kununua. Mimi ningeifanya njia ya akiba ya 4G.

Dada Umeme Ligula
Mnasahau kipimo cha ampea. Watu wanaleta kwa opereta ishara ya kontakta peke yake, halafu skrini inasema "inafanya kazi" huku mtaa unajaa. Mota hiyo ya 7.5 kW inakula takriban ampea 15 kwa volti 400. Ikishuka hadi 9 na kina bado kinapanda, chekeche limeziba kwa mifuko na matope, au pampu inavuta hewa. Ikiwa sifuri, fyuzi au kebo. Ikipanda na kukatwa na rilei ya joto, kuna kitambaa kwenye panga la pampu. Hapo usiruhusu pampu iwashwe upya kutoka mbali mara kwa mara, utachoma mota.

Swichi ya Mkono–Zima–Otomatiki ikiwa kwenye Zima na kufuli limewekwa, amri yoyote ya mbali ikataliwe kwa waya, siyo kwa programu. Kuna mtu anaweza kuwa ndani ya kisima akitoa taka.

Fundi Paneli
Naongeza suala la chumvi ya bahari. Paneli iwe IP66 (isiyoingiza vumbi wala maji ya kurushwa), viungio vipakwe grisi ya umeme, na kizuia radi kiwekwe kwenye umeme na kwenye waya wa sensa pia. Sensa ya kuzamishwa itie ndani ya bomba la PVC la inchi 4 lenye matundu, la sivyo mchanga unaizika. Sensa ya radari inayofungwa juu ya maji ni ghali lakini haiguswi na matope.

Mkondo_Mikindani
Nimeelewa: PLC na floti kituoni, 4G ya laini 2 kwa amri, SMS kwa kengele, LoRa akiba. Jedwali la maji kujaa na kupwa nalo liingie?

Bahari_Shangani
Ndiyo, liweke kwenye seva. Saa 2 kabla ya maji kujaa, siku za mwezi mpevu na mwandamo, seva iishushe ngazi ya kuwasha kutoka 1.0 hadi 0.7 ili kisima na mfereji vianze vikiwa vitupu. Nafasi ikipungua hivyo pampu zipokezane, na PLC ihesabu mara za kuwashwa kwa saa. Mawasiliano yakikatika, irudi 1.0 yenyewe. Jaribuni hilo Novemba: chomoeni antena muone ikirudi 1.0, kisha zimeni PLC, jazeni kisima kwa boza, muone floti ikiwasha.