Tupeane uzoefu: Katika Yams, sifuri yako huiweka mstari gani?

Ndugu zangu, mchezo ambao Wamarekani wanauita Yahtzee sisi hapa Bukavu tuliupokea kwa jina la Kifaransa, Yams, na nyumbani kwetu Kadutu tunaucheza kwa dadu 5, kikombe cha bati na karatasi ya daftari. Kwa asiyeufahamu: kila mchezaji ana zamu 13, na katika kila zamu anaweza kurusha hadi mara 3, akiweka kando dadu anazozitaka na kurudia zilizobaki, kisha ni lazima aandike matokeo katika mstari mmoja ulio wazi, hata kama ataandika sifuri. Sehemu ya juu hujumlisha moja, mbili, hadi sita. Ukifikisha 63 unaongezewa 35. Chini kuna tatu sawa, nne sawa, fuli (tatu sawa na mbili sawa) ya pointi 25, mfululizo wa dadu nne 30, wa dadu tano 40, Yams yenyewe (dadu 5 sawa) 50, na mstari wa bahati unaopokea jumla yoyote.

Nawauliza kuhusu sifuri hiyo. Mama yangu huiweka haraka katika mstari wa moja, kwa kuwa mstari huo hata ukijaa hautoi zaidi ya 5. Mimi kwa miaka mingi niliulinda kila mstari, nikaishia kufuta, yaani kuandika sifuri, katika mfululizo mkubwa wa dadu tano kwenye zamu ya mwisho, na uchungu wake naukumbuka hadi leo.

*Jibu kutoka Goma*
Dada, mimi nilijifunza hesabu hiyo Sake, tulipokimbilia baada ya amri ya kuhama ya tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka. Binti yangu alikuwa amezitia dadu mfukoni. Ni yeye, akicheza juu ya mkeka, aliyegundua kwamba 63 ni tatu za kila namba, kwa hiyo kufuta moja kunapunguza 3 tu, na dadu moja ya ziada yenye nne inazirudisha zote. Tangu hapo ninamfuata mama yako.

*Jibu kutoka Lubumbashi*
Mimi nawaonya kuhusu kufuta Yams mapema. Ni kweli kwamba kupata dadu 5 sawa kwa mrusho mmoja ni mara 1 katika 1,296, na hata kwa mirusho yote 3 ni kama mara 1 katika 22. Babu yangu aliamini hivyo, akaandika sifuri pale, na zamu mbili baadaye akarusha sita tano. Pointi 50 zilikuwa zimekwenda, na wala nyongeza ya 100, ile ya kupata Yams nyingine baada ya ya kwanza, haipo kwa aliyekwisha kuandika sifuri. Sita hizo aliziandika katika mstari wa sita, 30, yaani 12 zaidi ya zile 18 zinazotegemewa, na kwa ziada hiyo akavuka 63 na kupata 35. Bado alishindwa na bibi.

*Bukavu tena*
Asante, kaka. Jana nimefuta moja katika zamu ya nne. Nilimaliza sehemu ya juu na 64, na mama akarudia kuijumlisha mwenyewe, mara mbili, kabla ya kukubali kuandika ile 35.