Mrejesho: Yule mwanangu aliyepewa rufaa kwa kutorefuka

Wakuu, niliuliza nitamwambiaje mwanangu wa miaka 9 kwamba amepewa rufaa kwa sababu harefuki, na mdogo wake keshampita. Asanteni, hata yule aliyesema nimpe maziwa nitulie.

Nilimwambia kwenye daladala, tukishuka toka Marangu kwenda hospitali ya KCMC, Moshi: "Tunaenda kuona mifupa yako inakua kwa mwendo gani." Akauliza kama kuna sindano. Ipo, ya damu. Sikumficha.

Daktari aliongea na yeye kwanza, mimi baadaye. Akampima, akauliza urefu wangu na wa baba yake, kisha eksirei ya kiganja cha kushoto. Kumbe ndiyo inayoonyesha umri wa mifupa! Yake ni ya mtoto wa miaka 7, kwa hiyo nafasi ya kurefuka bado anayo. Kabla ya balehe mtoto huongezeka kama sentimita 5 kwa mwaka. Tutarudi baada ya miezi 6 apimwe tena.

Nilipokosea: nilimsimulia wifi. Jumapili watoto wakaanza kumwita "kibete". Hilo limemuuma kuliko sindano. Nimemwomba radhi mwanangu. Sasa karatasi za hospitali anatunza mwenyewe, na anayeniuliza namwambia amuulize mwenye mwili.